Jina Nililolikata Mwishoni mwa Kanda

Shaibu mwanangu,

Salamu tumekwisha kupeana leo zaidi ya mara tatu, na ya mwisho ulinipa huku mdomo umejaa kitumbua, kwa hiyo siirudii. Afya zetu unazijua. Habari za nguo, dawa ya tumbo na nani wa kumpigia simu ukifika Dar, mama yako amezishika tangu juzi, nami si mjinga wa kuingilia mambo yake. Naandika wakati umetoka kuaga rafiki zako. Nimekaa kwenye meza yangu ya ufundi, redio za watu nimezisogeza pembeni, na mbele yangu iko karatasi uliyoniachia niitie saini.

Sijaitia saini. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umeshalijua. Usidhani nimesahau, maana wewe kila siku hunitania kwamba kichwa changu kimejaa nyaya. Tangu alasiri nimeshika kalamu mara nne, na mara zote nne nimeiweka chini. Ninaogopa, Shaibu. Umeme umenirusha mara nyingi katika kazi hii na sikuwahi kuogopa kama ninavyoogopa karatasi hii moja.

Umeandika kwa mwandiko wako mzuri: "Muziki wa katuni hii umetungwa na kurekodiwa na baba yangu mzazi, naye ameniruhusu kuutumia." Wale watu wa Dar wanataka mbuzi wako wa katuni awe na vipindi vingi, wanakupa kiti na kompyuta, na kabla ya yote wanataka kujua sauti imetoka kwa nani. Hawana kosa. Kurekodi, nilirekodi mimi. Kutunga, sikutunga mimi.

Sasa pumua, kisha nikueleze tangu mwanzo.

Unaikumbuka katuni yako ya kwanza, ile ya kuku na bodaboda? Uliichora kwa simu miezi miwili, picha moja moja, ukaiwekea wimbo wa yule msanii anayepigwa kila kibanda cha chipsi. Siku ya pili tu mtandao ukaizima sauti. Kuku akabaki anapiga mbio bubu. Ulikuja hapa mezani umekasirika, nikakuuliza kumetokea nini, ukanieleza kwamba huko mtandaoni kuna mashine inayotambua wimbo hata ukikata kipande kidogo, na kwamba mwenye wimbo akidai, wewe huna lako. Ukasema ukipata maonyo matatu wanakufungia chaneli yote, na kazi zako zote zinakwenda. Mwingine alikuambia andika tu "sina nia ya kuiba" chini ya video. Uliandika, na haikusaidia kitu.

Ndipo uliposema yale maneno. "Baba, mi nataka sauti ambayo hamna mtu wa kuidai."

Nami nikainuka, nikafungua sanduku la mbao, nikakutolea kanda iliyobandikwa jina langu. Mwanangu, ulitaka kisima salama, nami nikakupeleka kwenye kisima nilichokitia sumu kwa mkono wangu.

Uliisikiliza ukiwa umesimama. Sauti ya mwanamke, na chini yake kigongo kinachobangua korosho juu ya jiwe, ko, ko-ko, ko. "Dah! Mzee, hii ngoma kali! Kumbe ulikuwa unatunga?" Nilisema, "Zamani." Neno moja tu. Nilivikwa kilemba cha ukoka na nikakinyoosha vizuri kichwani. Ukamchora mbuzi wa jirani, yule mwenye pembe moja, anatoka nyumbani kwenda kuiuliza bahari kwa nini ina chumvi, na kila hatua yake ikaangukia kwenye mpigo wa kile kigongo. Hata sasa nikimwona yule mbuzi wa kweli akipita sokoni namsikilizia miguu.

Mwisho wa wimbo ulikusumbua. Ulisema sauti inakatika ghafla, na kwa hiyo ulilazimika kumsimamisha mbuzi ghafla, mguu mmoja ndani ya maji, mdomo wazi. Watu walicheka sana pale. Ukaniuliza kwa nini inakatika hivyo, nikakujibu kanda iliisha.

Kanda haikuisha. Niliikata mimi.

Nilipokuwa na umri wako huu nilikuwa na banda la kanda Mingoyo, pale njia panda. Mabasi yalisimama, ya Mtwara, ya Masasi, ya Lindi, abiria wakashuka kununua embe na korosho, nami nikafungulia redio kwa sauti kubwa ili wanunue na kanda. Nilikuwa na redio kaseti yenye milango miwili, na kwa hiyo nilijiona bwana mkubwa. Nikichoka kunakili nyimbo za watu wa mjini, nilizunguka vijijini kurekodi ngoma na nyimbo za kina mama. Sikuwa najua neno hakimiliki. Lakini usinipe udhuru huo, kwa sababu nilichokifanya nilikijua.

Msimu mmoja wa korosho nilipanda lori hadi Milola. Nikaelekezwa kwa mama mmoja mjane, Bi Somoe, aliyekuwa akisifiwa kwa sauti. Nilimkuta uani anabangua, moshi wa maganda umemjaa machoni. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwambia shida yangu. Akaitazama ile redio kwa muda.

"Sasa baba, hiyo sauti yangu yaenda wapi?"

"Haiendi popote, mama. Ni kumbukumbu tu."

"Kumbukumbu ya nani?"

"Yako."

Akacheka. Akasema wimbo ni wake, ameutunga mwenyewe mwaka aliofiwa na mume. "Msidhani nalia," ndivyo unavyoanza kama unavyojua, "ni moshi wa korosho." Akaimba huku mkono unafanya kazi. Na mwishoni akafanya kama wafanyavyo waimbaji wa kwetu wote: akataja jina lake na kwao. Wewe umekulia kwenye simu, huenda hukuwahi kuliona hilo, lakini katika ngoma zetu mwimbaji hamalizi bila kujitaja, na ukiuchukua wimbo wake kuupeleka kwingine, unampelekea doti ya kanga na unamtaja mbele za watu kwamba huu nimeupata kwa fulani. Hakuna aliyeliandika. Kila mtu alilijua, na mimi nililijua.

Nakala za kwanza niliziuza na jina lake likiwemo. Abiria wakaanza kuniuliza, "Huyu Somoe anakaa wapi? Tuna harusi, tunamtaka." Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nikawaza kwamba watampata wenyewe, watanipita mimi, banda langu litabaki la kuuza betri. Ilikuwa hofu ndogo ya mtu mdogo, lakini ilitosha. Jioni ile nikarekodi upya nakala zote, na kila nilipofika kwenye jina lake nikabonyeza kitufe. Juu ya kila kanda nikabandika karatasi: Mtunzi, Selemani wa Mingoyo.

Zilikwenda, Shaibu. Mabasi yalizibeba hadi nisikokujua.

Baada ya msimu kupita, asubuhi moja Bi Somoe alisimama mbele ya banda. Nilidhani atapiga kelele, watu wajae. Hakupiga. Aliniomba niiweke kanda, akaisikiliza yote akiwa amesimama na mzigo wake kichwani. Ilipokatika, akangoja. Alingoja kama mtu anayengoja jibu la hodi. Kisha akaniambia, "Baba, umenifumba mdomo. Nirudishie jina langu, basi. Sitaki kingine." Nikamwapia kwamba nitalirudisha kwenye nakala zote zijazo. Akanishukuru, akaenda zake.

Sikulirudisha. Si kwa ubaya mkubwa, hapana, ila kila siku nilisema kesho, na kanda zikaacha kununuliwa, nami nikafunga banda nikahamia huku Kilwa Masoko kutengeneza redio. Miaka kadhaa baadaye nikasikia amefariki. Nikasema innalillahi, na ndani ya moyo wangu, Mungu anisamehe, kuna kitu kikalegea. Nilidhani deni limezikwa naye. Mama yako nilimwoa baadaye, na hadi jioni ya leo hakuijua habari hii.

Sasa unaelewa kwa nini nilishtuka siku ile dai lilipokuja kwenye simu yako. Ulisoma kwa sauti: mtu fulani wa mbali, hata jina lake hatulijui, ameuchukua wimbo huo huo, akauongezea ngoma za kompyuta, akausajili kwamba ni wake, na mashine ikamtambua mbuzi wetu kuwa mwizi. Nilipiga meza hii nikasema, "Mwizi mkubwa!" Mama yako alitoka jikoni kuniangalia. Kweli mkuki kwa nguruwe. Yule mtu ameokota kanda yenye jina langu la uongo, akalifuta, akaweka lake. Alinitenda nilichomtenda Somoe, na mimi nilikuwa na ujasiri wa kukasirika.

Ukaniuliza, "Baba, we ndo mtunzi, siyo? Ili nilipinge hili dai." Nikasema naam. Nilikuona ukibonyeza mahali panapoandikwa kwamba unathibitisha maelezo yako ni ya kweli. Hukusita, kwa sababu ulikuwa unasema ukweli kama ulivyoujua. Wakaondoa dai. Ulinikumbatia. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na mama yako anadhani ni presha.

Kuna mwanasheria mmoja huniletea redio yake ya gari. Nikamuuliza kwa kuzunguka, nikijifanya ni habari ya mtu mwingine. Kama nilivyomwelewa, aliyerekodi ana haki kwa kile alichokinasa, lakini haki hiyo haimezi ya aliyeimba wala ya aliyetunga. Na mtunzi akifa, wimbo hauwi wa kila mtu, warithi wake wapo. "Na huyo mtu wako," akaniuliza huku akinitazama, "mwanawe ameshaweka saini mahali?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi awahi kumwambia."

Alhamisi iliyopita niliposema nakwenda kuangalia bei ya ufuta, sikwenda kwenye ufuta. Nilikwenda Milola.

Bi Somoe ameacha binti, anaitwa Mwajuma, mtu mzima sasa, analima. Nilikaa kwenye kigoda uani pale pale. Sikujua nianzie wapi, nikatoa simu nikamwonyesha katuni yako. Alicheka sana kwa yule mbuzi, wallahi alicheka. Kisha sauti ikamfikia, akaishika simu kwa mikono miwili. Mbuzi akasimama kwenye maji, wimbo ukakatika. Yeye akangoja, vile vile alivyongoja mama yake.

"Na jina?" akaniuliza. "Jina la mama liko wapi?"

Nikamweleza. Yote, Shaibu, na kile kitufe, na ile ahadi. Sikumwangalia usoni. Alipoongea hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha.

"Kwa hiyo umekuja kuomba?"

"Nimekuja kuomba radhi, na kumwombea mwanangu ruhusa."

"Radhi nimeisikia, tutaizungumza na ndugu zangu. Ruhusa, hapana. Wewe ulishaomba kwenye uwanja huu mara moja, na tuliyaona. Mwanao aje mwenyewe. Aje aniambie kwa kinywa chake mbuzi wake anakwenda wapi na sauti ya mama yangu."

Nimerudi na maneno hayo, na nimekaa nayo siku nne bila kukuambia. Nilikuwa nakutazama unavyokunja mashati. Nilisema nitakuambia baada ya kula, baada ya sala, akishaamka. Ni tabia yangu ile ile ya Mingoyo, ya kusema kesho. Nimejua leo kwamba haikuondoka, ilihamia huku pamoja nami. Saa moja iliyopita nimemwambia mama yako yote. Amerudi kwenye vitumbua vyako, na namsikia anavuta pua. Sitamuuliza kama ni moshi.

Hofu zangu ni hizi, na sizipangi vizuri. Naogopa ukisaini uongo wangu leo, siku mbuzi atakapokuwa anatazamwa na watoto wa nchi nzima, mtu mmoja kutoka Milola atasimama aseme, na atakayeitwa mwizi ni wewe, wakati mwizi anakunywa chai Kilwa. Naogopa pia nisiposaini. Kesho kutwa asubuhi unatakiwa ofisini kwao, na vijana wanaochora wako wengi. Naogopa kwamba nimekuharibia safari usiku wa kuianza. Lakini ninachokiogopa kuliko vyote ni kitu kidogo kuliko hivyo, na naona aibu kukiandika: naogopa utakavyonitazama.

Ushauri sina mwingi, na mtu kama mimi hatakiwi kuwa nao mwingi. Ninachokijua ni kimoja. Sikumwibia Bi Somoe kwa sababu nilimchukia au nilikuwa na njaa. Niliogopa kupitwa. Nawe utaogopa kupitwa, tena huko uendako zaidi, na hofu hiyo itakuja na sauti ya busara kabisa, itakuambia bonyeza tu, ni kitu kidogo, nani atajua. Ukiisikia, nikumbuke mimi na kitufe changu.

Basi lako linafika Nangurukuru mapema. Pale, kama ujuavyo, njia moja inakwenda Dar na nyingine inarudi kusini, Lindi. Tiketi yako ni ya Dar. Ukienda moja kwa moja, unaweza kuwaambia ukweli kwamba muziki hauna ruhusa bado, au ukaung'oa na kumtafutia mbuzi mwendo mwingine, ingawa najua miguu yake imeshonwa kwenye kile kigongo. Ukienda kusini, utafika Milola alasiri, utachelewa Dar kwa siku nzima, na pengine kiti utamkuta nacho mwingine. Na Mwajuma anaweza kukukatalia vile vile. Siwezi kukuchagulia. Nimeshakuchagulia mara moja, na unaona.

Kama utakwenda, doti ya kanga mama yako ameitoa sandukuni mwake bila mimi kumwomba. Iko juu ya begi lako.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi yako isiyo na saini, na kanda. Siyo ile niliyokupa. Ni ya kwanza kabisa, niliyoinasa uani kwake, ambayo kwa miaka yote sikuwa na ujasiri wa kuicheza wala wa kuitupa. Redio kaseti ndogo nimeitia betri mpya, iko mfuko wa pembeni. Isikilize peke yako. Pale mbuzi wako anapotia mguu majini, usizime. Atakohoa kidogo kwa ule moshi, kigongo kitagonga mara mbili, kisha utamsikia: "Mwenye kusema haya ni Somoe, Somoe binti Nambole, wa Milola. Mkiuimba, nitajeni."

Alfajiri nitakuwa nimekaa barazani. Ukinipita bila shikamoo nitaelewa kwamba umesoma, na sitakulaumu. Lakini sitainuka pale mpaka basi liondoke, ili kama utageuka hata ukiwa mbali, marahaba yako uikute.

Karatasi yako nimeshindwa kuitia saini. Hii naitia.

Baba yako,
Selemani, fundi redio